Mayai Yasiyo na Baba: Chakula, Homoni na Uzazi wa Kinyonga Jike

Kinyonga jike ameanguliwa kizimbani, akatenganishwa na nduguze angali mdogo, akakulia peke yake ndani ya kizimba cha wavu kilichowekwa sebuleni. Hajapata kuonana na dume maishani mwake. Hata hivyo, pengine kabla hajatimiza mwaka mmoja, tumbo lake huanza kujaa, hamu yake ya chakula hupungua, naye hushuka kutoka matawini na kuzunguka chini akikwaruza sakafu kana kwamba anatafuta kitu alichokipoteza. Mwenye nyumba hudhani mnyama wake amevimbiwa. Ukweli ni kwamba ana mayai, pengine makumi kadhaa, na yote hayana baba. Asipopata mahali pa kuyazika, anaweza kufa nayo tumboni.

Madaktari wa wanyama katika Marekani na Ulaya wanaijua vyema hali hii, kwa kuwa huko kinyonga wa asili ya Yemen ni miongoni mwa watambaazi wanaofugwa sana majumbani. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako kinyonga ni mkazi wa vichaka na mashamba, na ambako wengi huogopa hata kumgusa, huenda ikaonekana ajabu kwa jarida la afya kumpa nafasi. Tunampa kwa sababu mwili wake mdogo unaonyesha waziwazi jambo ambalo katika mwili wa binadamu limefichika nyuma ya mengi: kwamba chakula, pamoja na kuwa nguvu na kinga, ni taarifa. Homoni huisoma taarifa hiyo, na viungo vya uzazi huitii. Aidha, baadhi ya wasomaji wetu wanaishi ughaibuni na wana watoto wanaotamani kufuga mnyama huyu. Nao wana haki ya kujua wanachokiingiza nyumbani.

Mwili uliozoea msimu

Kinyonga huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Chamaeleo calyptratus, hutambulika kwa pembe kubwa ya mfupa iliyosimama juu ya kichwa chake mithili ya kofia. Asili yake ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, katika mabonde na miteremko ya milima ambako mvua huja kwa msimu. Mvua ikinyesha wadudu hujaa; ikikoma hupungua, na kinyonga hutafuna hata majani. Mwili wa jike umeumbika kuendana na mazingira hayo. Neema ikifika, huigeuza kuwa mayai upesi iwezekanavyo, kwa maana haijulikani kama itarudi angali hai.

Katika jamii ya vinyonga, uzazi na uhai huchota maji katika kisima kimoja. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Madagascar. Mwaka 2008 watafiti walieleza maisha ya kinyonga aitwaye Furcifer labordi, ambaye hukaa ndani ya yai kwa miezi 8 hadi 9, kisha akishaanguliwa huishi miezi 4 hadi 5 tu. Katika muda huo hukua, hupandana, hutaga na kufa. Kinyonga wa Yemen hana haraka kiasi hicho. Jike aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka kadhaa. Lakini kanuni ni ile ile: kila uzao una gharama, na gharama hiyo hulipwa kutoka katika mifupa, misuli na ini la mama.

Sasa mchukue mnyama wa namna hiyo, umweke mahali ambapo msimu wa neema haukomi. Joto ni lile lile kila siku, taa haikosi kuwaka, na nyenje wanene huletwa asubuhi na jioni. Mfugaji anafanya hivyo kwa mapenzi. Amemwona mnyama wake akirusha ulimi na kunasa wadudu kumi bila kuchoka, naye akafurahi kwamba anakula vizuri. Mwili wa jike nao unapokea taarifa moja tu: mvua imenyesha, taga.

Safari ya amri kutoka ubongoni hadi kwenye yai

Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi hupokea habari za joto, mwanga na akiba ya chakula mwilini. Hali ikiwa nzuri, huiagiza tezi ya pituitari itoe homoni zinazoamsha ovari. Ovari huanza kukuza folikili, yaani vifuko ambavyo kila kimoja kimebeba yai changa. Folikili nazo hutoa estrojeni, homoni ile ile ambayo wasomaji wetu wanaijua kwa wanawake.

Kutoka hapo njia ya kinyonga inatofautiana na yetu. Estrojeni husafiri katika damu hadi kwenye ini na kuliagiza litengeneze protini iitwayo vitelojenini. Protini hii hubeba mafuta na kalsiamu, nayo ndiyo malighafi ya kiini cha yai. Ili kuitengeneza, ini huvuta mafuta yaliyohifadhiwa ndani ya tumbo, na kalsiamu hutolewa katika chakula na, isipotosha, katika mifupa. Damu husomba shehena hiyo hadi kwenye ovari, folikili huvimba, na tumbo hujaa.

Katika hatua zote hizo mbegu ya dume haihitajiki. Mfugaji wa kuku wa mayai hatashangaa, kwani mayai mengi yauzwayo madukani mwetu hutagwa na kuku ambao hawajawahi kukaa na jogoo. Tofauti ni kwamba kuku hutaga yai moja kwa wakati mmoja, ilhali kinyonga hulazimika kulea na kutoa yote kwa mpigo. Mayai 30 hadi 60 katika uzao mmoja ni jambo la kawaida kwa kinyonga huyu, na wengine hupita 80. Jike aliyelishwa bila kipimo anaweza kurudia kazi hiyo zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Hapa ndipo mkono wa mfugaji unapoingia. Wafugaji wazoefu na madaktari wa wanyama wameona kwamba jike anayelishwa kwa kiasi na kuwekwa penye joto la wastani hutaga mayai machache zaidi, na wengine hupitisha muda mrefu bila kutaga kabisa. Yule anayeshibishwa kila siku hutaga mengi, huchoka mapema, na maisha yake hufupika. Pia huweza kupata ini lenye mafuta, kwa sababu kiungo hicho kimebebeshwa kazi mbili kwa pamoja: kuhifadhi ziada ya chakula na kutengeneza viini vya mayai.

Deni la kalsiamu

Mwaka 1883, huko London, daktari Sydney Ringer alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kulowekwa katika maji ya chumvi. Majaribio ya awali yalikwenda vizuri, moyo ukaendelea kudunda. Baadaye alipotumia chumvi iliyotayarishwa kwa maji yaliyosafishwa kabisa, moyo ulidhoofika na kusimama. Alipotafuta sababu aligundua kwamba maji ya bomba yaliyotumika hapo awali yalikuwa na kalsiamu. Bila madini hayo, msuli haukuweza kujikaza.

Somo hilo ni la msingi kwa kinyonga jike, kwa kuwa kusukuma mayai 50 kutoka ndani ya mwili ni kazi ya misuli. Kalsiamu anayoihitaji ni ya aina tatu za matumizi: ya kuweka ndani ya viini, ya kudumisha mifupa yake mwenyewe, na ya kukaza mirija ya mayai siku ya kutaga. Bahati mbaya, chakula anachopewa zaidi hakimtoshelezi. Nyenje na wadudu wengi wanaozalishwa kwa ajili ya kulishia wanyama wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, mara kadhaa zaidi, ilhali mwili wa kinyonga unahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au kuizidi. Ndiyo maana wadudu hulishwa kwanza mboga za majani na vyakula vingine bora, kisha hunyunyiziwa unga wa kalsiamu kabla ya kutolewa kwa kinyonga.

Kalsiamu iliyo tumboni haifai kitu ikiwa haifyonzwi, na ili ifyonzwe panahitajika vitamini D. Kinyonga huitengeneza katika ngozi kwa msaada wa mionzi ya urujuanimno, kama tufanyavyo sisi. Kisha ini na figo huikamilisha. Kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote ya aina inayohitajika. Kwa hiyo kinyonga anayeota jua nyuma ya kioo hupata joto na mwanga lakini hapati vitamini. Kinyonga mwenyewe analijua hitaji lake kwa namna ya ajabu. Mwaka 2009 watafiti katika Texas Christian University, Marekani, walionyesha kwamba vinyonga wa Madagascar waitwao Furcifer pardalis, waliopata vitamini D kidogo katika chakula, walijianika zaidi kwenye mionzi, na waliopata ya kutosha walijianika kidogo. Mnyama huyu anaweza kujitibu, iwapo tu amewekewa dawa hiyo mahali anapoweza kuifikia.

Asipoipata, tezi za parathiroidi huingilia kati. Kalsiamu ya damu ikishuka, tezi hizo hutoa homoni inayobomoa mfupa ili kuokoa moyo na misuli. Ni mkopo wa dharura. Ukiendelea kwa majuma na miezi, taya hulainika, miguu hupinda, mbavu huvunjika, vidole hutetemeka, na ulimi uliokuwa ukirushwa mbali hushindwa kumfikia mdudu aliye karibu. Jike mwenye mayai hufikia hali hii upesi kuliko dume, kwa sababu deni lake ni kubwa zaidi.

Mwenye kusoma haya asikimbilie kuongeza dozi. Vitamini D inayotolewa kwa mdomo bila kipimo hujilimbikiza mwilini, na kalsiamu huanza kuganda katika figo na mishipa ya damu. Vitamini A nayo ina hatari zake pande zote mbili: ikipungua macho huvimba na ngozi za ndani hukauka, ikizidi ni sumu.

Siku mlango unapokataa kufunguka

Uzazi wa kinyonga huweza kukwama mahali pawili, na ni vyema kupatofautisha. Mahali pa kwanza ni ndani ya ovari. Folikili zimekua, zimejaa kiini, lakini hazipasuki wala mayai hayaingii katika mirija. Hubaki hapo zikiwa mzigo, huweza kuoza au kupasukia ndani ya tumbo na kusababisha uvimbe hatari. Mahali pa pili ni kwenye mirija yenyewe. Mayai yamekamilika na kupata ganda lake laini mithili ya ngozi, lakini hayatoki.

Sababu ni nyingi na mara nyingi huja pamoja: kalsiamu kidogo, ukosefu wa maji, baridi, unene, maambukizi, yai lenye umbo baya au nyonga iliyopinda kwa udhaifu wa mifupa. Sababu moja ambayo mara nyingi husahaulika ni ukosefu wa udongo. Jike wa aina hii huchimba handaki, hujiingiza humo, hutaga, kisha hufukia na kushindilia kwa miguu. Akiwa ndani ya kizimba chenye sakafu tupu, mwili wake uko tayari na homoni zimeshatoa amri, lakini yeye anazuia mayai kwa kuwa hajapata mahali salama. Hata aliyepewa udongo huweza kuacha kuchimba akiona watu wanamtazama.

Dalili za hatari ni hizi: jike hufumba macho mchana, macho hudidimia, mikono hushindwa kushika tawi, hulala sakafuni, hukataa maji, au huchimba huku na kule kwa siku kadhaa bila kutaga. Kinyonga huficha ugonjwa hadi nguvu zimwishie, hivyo anapoonekana mgonjwa tayari muda uliobaki ni mfupi. Kumkamua tumbo kwa vidole ni kumuua. Mayai hupasuka ndani.

Daktari wa wanyama humpiga picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti ili kujua mayai yako wapi na yako katika hali gani. Humpa joto, maji na kalsiamu. Ikiwa njia iko wazi, anaweza kujaribu sindano ya oksitosini, dawa ile ile iliyoko katika kila wodi ya wazazi.

Historia ya dawa hiyo inawahusu wote wawili, kinyonga na mama. Mwaka 1906 Henry Dale, Mwingereza, alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi wa paka. Vincent du Vigneaud, Mmarekani, aliitengeneza oksitosini kwa mikono ya kikemia mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Katika watambaazi kazi ya kusukuma mayai hufanywa na homoni iitwayo vasotosini. Zote mbili zimeungwa kwa amino asidi tisa, na tofauti kati yao ni amino asidi moja tu. Kwa udugu huo, oksitosini huwasaidia sana kasa na kobe. Kwa mijusi na vinyonga matokeo yake si ya kutegemewa, na yai likiwa limeziba njia, sindano hiyo inaweza kupasua mirija. Mkunga anayesoma haya atakumbuka mara moja kanuni aliyofundishwa kuhusu uchungu pingamizi na hatari ya kupasuka kwa mfuko wa uzazi. Dawa ya kusukuma haitolewi kabla ya kujua kama mlango uko wazi.

Yote yakishindikana, hubaki upasuaji wa kuondoa ovari na mirija. Ni upasuaji mzito kwa mnyama mwenye uzito wa gramu mia moja na ushei tu.

Si vinyonga wote wanaotaga. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, anayepatikana katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, hubeba watoto tumboni kwa miezi mingi na kuwazaa wakiwa hai. Mwaka 1972 vinyonga kadhaa wa jamii hii walipelekwa kutoka Kenya hadi Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufugwa. Wengine wakaachiwa, na kizazi chao kiko huko hadi leo. Wao hawasumbuliwi na mayai, lakini watoto wanaweza kufia tumboni na kumwua mama. Njia ni tofauti, ila mahitaji ya maji, joto la wastani na kalsiamu hayabadiliki.

Mkono unaolisha

Kwa yule anayemfuga kinyonga jike wa Yemen, ushauri wa msingi ni mfupi. Angali mtoto na anakua, ale kila siku. Akishakomaa, apewe wadudu wachache kila baada ya siku moja au mbili, na asishibishwe kwa kufurahisha macho ya wageni. Sehemu yake ya kuotea joto iwe karibu na nyuzi 27 za selisiasi badala ya kupandishwa sana, na usiku apate ubaridi. Wadudu wake wanyunyiziwe kalsiamu isiyo na vitamini D mara nyingi, na vitamini kwa nadra, kwa kipimo cha daktari. Apate taa ya mionzi ya urujuanimno, na taa hiyo ibadilishwe kwa wakati, kwani huendelea kuangaza hata mionzi yake ikiwa imekwisha. Awekewe chombo chenye mchanga mbichi wenye kina cha kutosha kuchimba handaki, sentimita 20 hadi 30, hata kama hajawahi kuwa na dume. Anapoanza kuchimba, pazia lifungwe na watoto waambiwe wampishe.

Ushauri huu una jambo gumu ndani yake. Unamtaka mfugaji atoe chakula kidogo kwa mnyama anayekitaka. Kwetu sisi, ambao kumkaribisha mgeni ni kumjazia sahani na kumsihi aongeze, kunyima chakula huonekana kama kukosa upendo. Kwa kinyonga jike ni kumwongezea miaka.

Linalotuhusu sisi

Ni kosa kuhamisha kanuni za kizimbani moja kwa moja hadi kliniki. Mwanamke haongezi idadi ya mayai kwa kula zaidi, na mjamzito asipunguze chakula kwa sababu kinyonga hupunguziwa. Kinachofanana ni msikilizaji. Haipothalamasi ya binadamu nayo hupokea habari za akiba ya mafuta. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili na kupeleka habari zake ubongoni. Akiba ikipungua mno, kwa njaa, maradhi au mazoezi makali, ubongo huahirisha uzazi na hedhi husimama. Akiba ikizidi, insulini hupanda, na kwa baadhi ya wanawake mpangilio wa homoni za ovari huvurugika. Mhudumu wa afya anayekutana na mwanamke asiyepata hedhi au asiyeshika mimba anapaswa kuuliza kuhusu chakula chake mapema, na kuuliza bila lawama.

Nasema bila lawama kwa sababu kinyonga hula anacholetewa. Hakuchagua nyenje wala kiasi chake. Wanawake wengi nao hawagawi chakula wanachokula. Kuna nyumba ambazo mama hula wa mwisho, baada ya wote kupakuliwa. Kuna jamii ambazo mjamzito hukatazwa mayai kwa hofu kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Kumpa mama huyo orodha ya vyakula bora bila kuzungumza na mume, mama mkwe au bibi anayesimamia jiko ni sawa na kumhutubia kinyonga ilhali anayeshika kopo la wadudu amesimama pembeni.

Kuhusu kalsiamu, uhusiano ni wa karibu zaidi. Mimba hujenga mifupa ya mtoto kutoka katika akiba ya mama, na kalsiamu kidogo katika chakula huhusishwa na shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba, katika jamii ambazo chakula chao kina kalsiamu kidogo, wajawazito wapewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku, zikigawanywa katika dozi tatu, ikiwezekana pamoja na mlo. Vidonge hivyo visimezwe pamoja na vya madini ya chuma. Viachanishwe kwa saa kadhaa, kwa maana kimoja huzuia kingine kufyonzwa. Jikoni, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa na mtindi ni vyanzo vizuri. Mjamzito asianze dozi yoyote kabla ya kuzungumza na mhudumu wa kliniki yake.

Usafi wa mikono

Limebaki jambo moja, na ni la lazima kwa jarida la afya. Vinyonga, kama watambaazi wengine, huweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuonyesha ugonjwa wowote. Vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, hushika matawi, maji na mikono. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kasa wadogo mwaka 1975 baada ya watoto wengi kuambukizwa kwa kuwachezea. Mtu mzima mwenye afya huenda akaharisha siku chache akapona. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, mzee, mjamzito, au mtu mwenye kinga dhaifu, maambukizi yanaweza kuingia katika damu.

Nyumba yenye watu hao ni heri isifuge mtambaazi kabisa. Mwenye kufuga anawe mikono kwa sabuni kila amgusapo mnyama au kizimba chake, asimbusu, na asioshe vyombo vyake katika sinki la jikoni. Mhudumu wa afya anayempokea mtoto mwenye homa na kuhara katika miji ambako ufugaji huu umeenea aongeze swali moja katika maswali yake: je, nyumbani kuna kinyonga, mjusi au kobe?

Na anayeishi karibu na vichaka vya Usambara, Mlima Kenya au pengine popote penye vinyonga wa asili, awaache huko. Biashara ya kimataifa ya vinyonga inasimamiwa kwa mkataba, na mnyama aliyetolewa porini mara nyingi huja na minyoo, hofu na kiu. Jike aliyeko kichakani hahitaji unga wetu wa kalsiamu wala taa. Ana jua lisilopita kwenye kioo, ana udongo wa kuchimba, na ana msimu unaomwambia lini atage na lini apumzike. Aliye kizimbani hana msimu mwingine ila mkono wetu.